Nani Kasema Lazima Uanze na C++?

Zunguka Ngamiani yote, barabara kwa barabara, ukiuliza mtu anayetaka kutengeneza magemu aanze na lugha gani ya kompyuta. Utapata majibu matatu. Aliyepita chuo atakwambia C++, kwa sababu magemu makubwa yameandikwa kwa C++. Anayeshinda YouTube atakwambia C# na Unity, kwa sababu kila video aliyoangalia inaanzia hapo. Wa tatu, mara nyingi yule mwenye kazi tayari, atakwambia Python, kwa sababu ni rahisi na ina ajira. Yote matatu yana ukweli ndani yake. Tatizo ni kwamba kila mmoja anajibu swali lake mwenyewe, la aliyeuliza linabaki palepale.

Maana aliyeuliza ni nani? Ni kijana wa kidato cha tatu, au aliyemaliza cha nne anasubiri matokeo. Ana simu ya tachi, pengine laptopu ya mitumba yenye RAM ya GB 4 anayogombea na dada yake. Bando lake ni la wiki. Na ana kama miezi miwili kabla nyumbani hawajaanza kuuliza hivi we unafanya nini na hiyo mashine usiku kucha. Swali lake halisi ni: kwa hivi nilivyo navyo, nianze na nini ili nimalize kitu? Akichagua vibaya, hatasema lugha ile haikumfaa. Atasema kompyuta si ya watu kama yeye, ataacha, na hatarudi. Kwa hiyo naomba tuyapime haya majibu bila kuyaonea haya.

Tuanze na C++, maana watetezi wake ndio wenye sauti kubwa. Ni lugha ya Bjarne Stroustrup wa Denmark, ilitoka rasmi mwaka 1985, na kweli ndiyo imebeba magemu makubwa. Unreal Engine imeandikwa kwa C++. Hata Unity, ambayo wewe unaiandikia kwa C#, ukiifungua ndani sehemu kubwa ni C++. Sababu yake ni kasi. Gemu linaloonyesha picha 60 kwa sekunde lina takriban milisekunde 16.7 za kufanya kila kitu: kusoma kidole cha mchezaji kimegusa wapi, kubadilisha hali ya mchezo, kuchora picha upya. Ukizidisha hapo, picha inakwamakwama na mchezaji anakasirika. C++ inakuachia upange mwenyewe kumbukumbu ya mashine, hakuna wa katikati anayekula muda wako.

Sawa. Lakini gemu lako la kwanza litafanya nini ndani ya hizo milisekunde 16.7? Mpira unaogonga ukuta, drafti, nyoka anayekula tunda. Simu ya kawaida iliyopo mfukoni mwako hufanya mabilioni ya hesabu kwa sekunde. Kusogeza duara moja haiitoi jasho hata ukitumia lugha ya polepole kuliko zote. Kuchukua C++ kwa kazi hiyo ni kukodi fuso kubeba fungu moja la mchicha kutoka soko la Mgandini. Na fuso lenyewe unalipia kwanza: uweke kompaila, utafute maktaba ya picha kama SDL, uiunganishe na mradi wako, ukosee njia ya faili moja, upate kurasa mbili za makosa kabla hata duara halijaonekana. Wengi waliosoma Sayansi ya Kompyuta kidato cha tano na sita walikutana na C++ darasani, na walichoandika ni programu za kutafuta wastani wa alama na kuuchapa kwenye dirisha jeusi. Hakuna ubaya, kuna mambo ya msingi unajifunza pale. Ila sijaona dirisha jeusi likimkosesha mtu usingizi kwa hamu ya kujua kitakachofuata.

Halafu hilo la "magemu makubwa yote" lenyewe lina matundu. Minecraft ilianza kwa Java. Vampire Survivors, gemu lililovuma sana mwaka 2022, lilianza kama gemu la JavaScript la kwenye kivinjari. Balatro, gemu la karata la mwaka 2024 lililotengenezwa na mtu mmoja na kununuliwa na mamilioni, limeandikwa kwa Lua, lugha ambayo hapa kwetu hata jina lake wengi hawajalisikia.

Mfano ninaoupenda zaidi, hata hivyo, umetoka mkoa wetu huu. Kati ya 2017 na 2019, shindano la Global Learning XPRIZE lilileta vishikwambi aina ya Pixel C, vilivyotolewa na Google, kwa watoto wapatao 2,700 katika vijiji 170 vya mkoa wa Tanga. UNESCO, WFP na Serikali walishiriki kuliendesha zoezi lenyewe, na vishikwambi vilichajiwa kwa sola. Wengi wa watoto wale walikuwa hawaendi shule. Timu tano zilizofika fainali ziliweka humo programu za kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Ukiziangalia kwa jicho la fundi, zile ni magemu: mtoto anagusa, kitu kinasogea, sauti inamjibu, ngazi inapanda. Mei 2019 matokeo yakatangazwa. Kitkit School na onebillion walifungana, wakagawana zawadi ya dola milioni 10.

Sasa, shindano lilitaka msimbo wa washindani uwekwe wazi, kwa hiyo yeyote anaweza kuusoma hadi leo. Programu kuu ya Kitkit School imejengwa juu ya Cocos2d-x, yaani C++. Ya onebillion kwa Android ni Java. RoboTutor ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, iliyofika fainali bila kushinda, nayo ni Java. Washindi wawili waliotoka sare, lugha mbili tofauti. Na lugha moja imetoa aliyeshinda na asiyeshinda. Ungetaka kubashiri mshindi kwa kutazama lugha, ungekosa. Mtoto wa Handeni au Mkinga aliyeshika kishikwambi hakuwa na habari na kompaila. Alichojua ni kwamba akigusa herufi, herufi inaitika. Nikubali pia kwamba wale walikuwa wataalamu wenye timu na fedha, kwa hiyo habari hii haimchagulii mwanafunzi lugha ya kuanzia. Inachofanya ni kuondoa sababu moja mbaya kwenye meza.

Tukija kwa jibu la pili, la Unity na C#, ugomvi wangu ni na mashine zaidi ya lugha. C# ni lugha safi, haina makali ya C++. Ila unapoambiwa "anza na Unity" unaambiwa upakue GB kadhaa kabla ya kuandika mstari wa kwanza. Unreal ni makumi ya GB. Jirani yetu mmoja, kijana anayesaidia kwenye kibanda cha fundi simu, alijinyima bando la karibu mwezi mzima akapakua injini moja kubwa ya magemu usiku usiku, kidogo kidogo. Ilipokamilika, kufungua mradi mtupu kwenye laptopu yake kulichukua muda wa kwenda kununua mihogo na kachumbari na kurudi. Akibadilisha mstari mmoja, anasubiri tena. Baada ya wiki tatu alikuwa ameifungua mara chache za kuhesabika kwa vidole. Huyo kijana si mvivu, simu zilizokufa kabisa anazifufua. Alikosa kitu kimoja tu ambacho anayejifunza hawezi kukikosa: kubadilisha jambo dogo na kuona matokeo papo hapo, kabla hamu haijapoa.

Mashine ndiyo inayopanga mambo kuliko tunavyokiri. Lual Mayen, aliyezaliwa familia yake ikikimbia vita Sudan na kukulia kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, alitengeneza gemu lake la Salaam kwa laptopu ambayo mama yake aliidundulizia miaka mitatu kupata dola 300. Ili kuichaji alitembea saa tatu. Mwaka 2018 aliheshimiwa kwenye The Game Awards huko Marekani. Watu huisimulia habari hii kama hadithi ya moyo wa chuma, na ni kweli, lakini mimi huwa nafikiria betri. Mtu ambaye chaji yake ni ya safari ya saa tatu hawezi kuitumia kungoja injini nzito ifunguke. Sisi umeme tunao, tena mlango kwa mlango, lakini bando na RAM ni vituo vyetu vya kuchajia.

Kuna na suala la nani mwenye nyumba. Septemba 2023 kampuni ya Unity ilitangaza ada mpya ambayo watengenezaji wangetozwa kadiri magemu yao yanavyowekwa kwenye vifaa vya watu. Watengenezaji waliwaka, kampuni ikalegeza, na Septemba 2024 ikaifuta kabisa. Yamekwisha, lakini ilionekana wazi kuwa ukijenga kwenye kiwanja cha mtu, siku moja anaweza kuja na mkataba mpya. Godot, injini iliyoanzishwa na Juan Linietsky na Ariel Manzur wa Argentina na kuachiwa wazi mwaka 2014, haina hatari hiyo. Ukiipakua ni makumi ya MB, inafunguka hata kwenye mashine dhaifu, lugha yake ya GDScript inafanana na Python, na siku hizi kihariri chake kipo hata kwa Android. Naipenda. Nitaeleza kwa nini bado siiweki ya kwanza.

Kwa kuwa maneno matupu hayapimi lugha, nachukua kipimo ambacho kipo kwenye kila kibaraza: bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji ana mashimo yake 16, safu mbili za manane, na akisambaza kete anazungusha ndani ya mashimo yake hayo, kwa kufuata mwendo wa saa au kinyume chake. Unaanza na kete 6 kwenye nyumba, 2 na 2 kwenye mashimo mawili yanayofuata, na 22 zinabaki mkononi kwa ajili ya kunamua. Alex de Voogt alifanyia udaktari wake Leiden mwaka 1995 kuhusu mabingwa wa bao na jinsi wanavyohesabu kichwani, kwa hiyo usidhani ni mchezo mwepesi. Lakini kwa kompyuta, ubao wako ni orodha ya namba 16 tu, na ya mwenzako 16. Hakuna picha ya pande tatu, hakuna fizikia. Mashimo ni duara, kete ni namba ndani ya duara.

Yape mashimo yako namba 0 hadi 15. Ukisambaza kwenda mbele unaongeza moja kila mara, na baada ya 15 unarudi 0. Hilo kwenye karibu lugha zote linaandikwa kwa baki ya kugawanya: `(shimo + 1) % 16`. Kumi na sita ukigawa kwa 16, baki sifuri, umerudi mwanzo. Safi.

Sasa sambaza kinyume: `(shimo - 1) % 16`. Uko shimo la 0, unarudi nyuma, unatakiwa kutua la 15. Na hapa lugha zinaachana njia. Python itakupa 15. JavaScript itakupa -1. C++ itakupa -1. Lua itakupa 15. Kosa la mashine hakuna hapo: hasi moja ukiigawa kwa 16, wataalamu wana namna mbili za kufafanua baki, na kila lugha ilichagua yake. Ila tazama kinachofuata, ndipo tabia ya lugha inapoonekana.

Kwenye C++ sasa unaweka kete kwenye shimo la -1, ambalo halipo. Lugha haikatazi. Unaandika juu ya kumbukumbu ya kitu kingine kilichokaa jirani, pengine ubao wa mwenzako, pengine idadi ya kete za mkononi. Gemu linaweza kuanguka, linaweza kuendelea likiwa na hesabu za ajabu, na kwa mashine ya rafiki yako likafanya jingine. Mtu mwenye uzoefu wa miaka mitano atalitafuta siku nzima. Anayeanza atalia.

Kwenye JavaScript shimo la -1 linajibu "halijafafanuliwa", ukilijumlisha na 1 unapata alama inayomaanisha "hii si namba", na gemu linaendelea kama hakuna lililotokea. Hakuna kengele. Kete imeyeyuka tu. Hii ndiyo tabia ninayoichukia kuliko zote kwenye lugha hiyo: inameza makosa kwa adabu. Ile ile lugha ukijumlisha maandishi "5" na namba 1 inakupa "51", na inakutazama usoni.

Python haikupi tabu yoyote hapo, na hata ungeisahau ile baki ukaandika shimo la -1 moja kwa moja, Python huielewa kuwa ni la mwisho katika orodha, ambalo ndilo ulilolitaka. Umepata kwa bahati. Lua nayo iko sawa, ila inahesabu kuanzia 1, kama babu anavyohesabu mashimo yake, kwa hiyo fomula inabadilika kidogo: kwenda mbele ni `shimo % 16 + 1`, kurudi nyuma ni `(shimo - 2) % 16 + 1`. Chukua kalamu uijaribu kwa shimo la 1, utapata 16.

Dawa ya haya yote, kwa lugha yoyote, inatoka kwenye sayansi ya shuleni. Kama nishati ilivyo, kete haziumbwi wala hazipotei. Baada ya kila hatua jumlisha zilizo kwenye ubao wako, wa mwenzako, na za mkononi za wote wawili. Ikitoka namba yoyote isiyo 64, simamisha gemu na upige kelele kwenye skrini. Mistari mitatu minne ya msimbo. Mwanafunzi akishaelewa hilo ameshika kitu ambacho atakitumia maisha yake yote, awe anahesabu kete au miamala ya simu. Na hiki ndicho ninachokitafuta kwenye lugha ya kwanza, yaani iniruhusu nifike kwenye jambo hili wiki ya kwanza, nisitumie wiki hiyo kupambana na kompaila. Godot ingenipa vitufe, matawi ya vitu na madirisha mengi ya kujifunza kabla sijafika hapo. Kwa gemu la pili sawa, tena karibu sana.

Kwa hiyo hukumu yangu. Kwa uzuri wa lugha yenyewe, ningempa mwanafunzi Lua na mfumo wa LÖVE. Lua ilizaliwa mwaka 1993 kwenye chuo kikuu cha PUC huko Rio de Janeiro, mikononi mwa Roberto Ierusalimschy na wenzake wawili, na jina lake ni "mwezi" kwa Kireno. Ni ndogo, sheria zake unazimaliza wikiendi moja. LÖVE yenyewe kuipakua haifiki MB 10, yaani chini ya video fupi ya WhatsApp. Gemu lako linakuwa kazi tatu zenye majina: ya kuandaa, ya kubadilisha hali, ya kuchora. Zile milisekunde 16.7 nilizozitaja juu, hapa unaziona kwa macho. Ukimaliza hapo, watoto wanaocheza Roblox utawaambia na wao wanatumia jamaa wa Lua.

Lakini ukiniuliza kwa mtoto wa Ngamiani mwenye simu tu, nitamwambia JavaScript, pamoja na makucha yake yote niliyoyataja. Nasema hivi shingo upande. Sababu yangu ni kibaraza. Gemu linahitaji mtu wa kulicheza, na gemu la bao linahitaji mzee wa kukukemea kwamba umekosea sheria ya nyumba. Gemu la JavaScript linaweza kuwa faili moja: unaliandika kwenye simu kwa kihariri cha bure, unalifungua kwa kivinjari, halafu unamtumia mwenzio kwa Bluetooth au WhatsApp naye analifungua kwenye kivinjari cha simu yake bila kuweka chochote. Hamna duka la programu, hamna ada, hamna laptopu. Gemu la Pygame, kwa mfano, kulifikisha kwenye simu ya Android ya mtu mwingine ni kazi ya kumchosha hata mwalimu. Python naitetea kwa mengi, makosa yake husomeka na msimbo wake unasomeka, ila hapo inakwama.

Anayechukua JavaScript achukue na tahadhari mbili. Ya kwanza ni ile ya jumla ya 64, maana lugha haitakuonya. Ya pili: mpira usiusogeze kwa "pikseli 5 kila picha". Kivinjari huchora kwa kasi ya skrini, na simu mpya nyingi huchora mara 120 kwa sekunde badala ya 60. Mpira uleule utaruka kasi mara mbili kwenye simu ya tajiri. Sogeza kwa kuzidisha mwendo na muda uliopita tangu picha iliyotangulia, kama ulivyofundishwa kwamba umbali ni kasi mara muda.

Najua kuna mtu hapa atasema: kazi je? Matangazo ya ajira ya Lua Tanzania utayatafuta kwa tochi. Kweli kabisa. Kama lengo lako ni ajira, sema ni ajira, uchukue JavaScript au Python, na tovuti za watu zinakusubiri. Nisichokubali ni kumwambia mtoto anayetaka kutengeneza gemu kwamba aanze na kitu kingine "kwanza", halafu kingine, halafu gemu baadaye. Hiyo baadaye huwa haifiki. Na ukishaijua lugha moja vizuri, ya pili hukuchukua wiki chache, kwa sababu orodha, masharti na mizunguko ni yaleyale. Kinachobadilika ni alama na tabia.

Kwa wadogo zaidi, wa shule ya msingi, sina mjadala: Scratch ya MIT, iliyotoka mwaka 2007, ipo kwa Kiswahili. Maneno ya vitalu anayasoma mtoto mwenyewe bila kutafsiriwa. Lugha nyingine zote hizi hutoa makosa kwa Kiingereza, na kizuizi hicho tunakidharau kwa sababu sisi tumekizoea. Unaweza kukipunguza. Majina ya vitu ndani ya programu ni yako, na Kiswahili hakina alama za juu ya herufi za kuichanganya kompyuta. Andika `kete`, andika `nyumba`, andika `sambaza`, andika `zamu`. Nimeona msimbo wa mwanafunzi uliojaa majina ya Kiingereza asiyoyaelewa, kayanakili kutoka kwenye video, na hakuweza kuniambia mstari gani unafanya nini. Alipobadilisha majina, aliusoma kwa sauti kama barua.

Na usiogope kwamba bao au karata ni kitu cha kishamba kuanzia. Kola Studios ya Uganda ilichukua Matatu, mchezo wa karata ambao kila Mganda anaujua, ikauweka kwenye simu, na watu wakaucheza kwa sababu hawakuhitaji kufundishwa. Kwetu kuna drafti inayochezwa kwa vizibo vya soda, kuna karata, kuna bao. Sheria unazo kichwani tayari, wa kukujaribia wapo nje ya mlango.

C++ ije siku gemu lako litakapokuwa na vitu elfu tano vinavyogongana kwenye skrini na simu ikaanza kupata moto. Siku hiyo utajua kwa nini unaihitaji, na zile kurasa mbili za makosa utazisoma kwa subira. Leo usiku andika namba kumi na sita kwenye orodha, sita kwenye nyumba, mbili, mbili, zilizobaki sifuri. Sambaza kwenda mbele, kisha sambaza kurudi nyuma ukianzia shimo la mwanzo, uone lugha yako inakupeleka wapi.